Mita Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitengela

Nimeamka saa kumi alfajiri niwahi Idara ya Upimaji, Ruaraka, kuchukua ramani. Matatu ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili, makanga alikuwa amepandisha nauli kwa ajili ya wingu, na hata tone halijaanguka. Nikachukua bodaboda mpaka stesheni ya Athi River, nikapanda treni inayotoka Lukenya. Syokimau, Imara Daima, Makadara, mjini. Haina mbio, lakini haisimami njiani kubembeleza abiria, na nilipata saa nzima ya kukaa na mawazo yangu.

Wazo lenyewe ni hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 Kitengela. Mji wa ukubwa huo hauna hata mita moja ya reli, na stesheni tunayoikimbilia iko kaunti ya Machakos. Kila alfajiri tunamiminika kwenye barabara ya Namanga, barabara moja, kama maziwa ya kibuyu kizima yanayopitishwa kwenye tundu la sindano.

Alhamisi, 6 Machi. Kajiado

Kazi ya hatimiliki imenileta Kajiado. Nilipomaliza nikaenda kusimama kando ya reli. Wazee huuita mji huu Olkejuado, mto mrefu, lakini mji wenyewe ulikua kwa sababu ya chuma hiki: tawi la kilomita 146 kutoka Konza hadi Magadi, lililojengwa kati ya 1911 na 1915 ili chumvi ya magadi ifike baharini. Mwaka uo huo wa 1911 kampuni ya magadi iliundwa, na ndio mwaka Wamaasai walipotiwa kwenye mkataba wa pili, uliowahamisha Laikipia na kuwaleta kusini huku. Mifugo na watoto waliletwa kwa miguu, halafu reli ikapita katikati yao, na haikuwa yao.

Zaidi ya miaka mia imepita na bado mzigo ndio wenye reli. Na ile reli ya kisasa ya 2019, iliyovuka Mbuga ya Nairobi juu ya daraja la kilomita 6, imeipa kaunti yetu stesheni za Ongata Rongai na Ngong. Nimewahi kupanda pale. Ni treni ya msafiri wa Suswa. Fundi wa Kitengela anayetakiwa kazini Industrial Area saa moja asubuhi haimfai.

Jumapili, 16 Machi. Nyumbani

Baada ya kanisa nimetandaza ramani mezani, nikachonga penseli. Kaskazini iko reli ya Athi River, kusini iko reli ya Kajiado. Zote ni za kipimo kimoja, mita moja kati ya chuma na chuma. Nikachora: Athi River, Kitengela, Kisaju, Isinya, Kajiado. Kama kilomita 50, tambarare tupu, mabonde machache ya mito. Mhandisi angefurahi. Nimepima nchi hii miaka 22 na sijui mstari mwingine rahisi kuliko huu.

Sihitaji ndoto ya Addis Ababa. Walifungua reli yao nyepesi ya umeme Septemba 2015, njia mbili, kama kilomita 34, nikaipenda nilipoiona kwenye televisheni. Baadaye mabehewa mengi yakalala kwa kukosa vipuri. Mfano wangu ni Dar es Salaam ya Oktoba 2012, walipochukua reli kuukuu na mabehewa yaliyokuwepo wakaanza kubeba watu asubuhi na jioni. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wao. Mwezi uliofuata sisi tukafungua Syokimau. Hata treni zilizoletwa Nairobi 2020 zilikuwa zimeshatumika Uhispania, na zinabeba watu. Treni hupatikana. Pesa za treni nazo hutafutwa, hata kama ni kwa deni.

Ardhi ndiyo isiyorudi. Nilipokuwa kijana, nyumbu walitoka mbugani wakapita huku mpaka Isinya bila kugusa waya. Sasa ni ploti za futi hamsini kwa mia, hamsini kwa mia, hamsini kwa mia, kila moja na seng'enge yake. Vigingi vingi kati ya hivyo nimevipigilia mimi kwa mkono wangu, nikalipwa, nikasomesha watoto. Mteja akitaka barabara ya mita tisa nampa mita tisa. Hakuna aliyewahi kuniagiza niache njia ya treni, nami sikuwahi kuuliza. Hilo linanikosesha usingizi kuliko msongamano wa barabarani.

Tuliwahi kujua namna nyingine. Kuanzia mwaka 2000 familia za Kitengela zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wanyama wapite. Nadhani wazo lilikuwa zuri sana: kumlipa mtu kwa kuacha wazi. Lililoshindwa ni bei. Dola 4 haziwezi kushindana na dalali wa ploti.

Ijumaa, 28 Machi. Kisaju

Familia ya marehemu mfugaji mmoja inagawa ardhi. Mstari wangu wa penseli unapita ndani ya mpaka wao wa mashariki, mita 400. Nimekaa chini ya mgunga na mama mwenye boma na wanawe wawili, nikawaeleza.

"Mwanangu, hiyo reli umeitoa serikalini?"

"Hapana, Mama. Nimeitoa kichwani mwangu."

"Basi nihesabie ploti ninazopoteza."

Nikahesabu mbele yake. Ukanda wa mita 30 ni kama ekari tatu, ploti 24. Mwana mdogo akasimama akaenda kuangalia mbuzi. Alishachukua arbuni ya watu wawili upande huo. Mkubwa alibaki akichora chini kwa fimbo.

Sikumwomba mama sadaka. Nilimwambia auze kwingine kwanza, na ukanda ule ubaki kipande kimoja kirefu kwa jina la familia, mbuzi wale majani yake. Siku reli ikija, katiba inadai fidia ya haki, tena bila kuchelewa, na Tume ya Ardhi itazungumza na mwenye hati mmoja. Akiuza leo, siku hiyo zitabomolewa nyumba 24 za watu walionunua kwa mkopo. Tuliyaona Mavoko Oktoba 2023, tingatinga na magodoro barabarani, kina mama wameshika karatasi. Ugomvi wa ardhi wa kule ulikuwa mwingine, lakini ukuta ukianguka vumbi ni lile lile.

"Na isipokuja?"

"Ardhi ni yako bado."

Amesema atafikiri.

Jumamosi, 12 Aprili. Kisaju

Amenipa mita 15, nusu ya nilichoomba. Zinatosha reli moja, tuta na mfereji wa maji. Pa kupishania treni patafutwe kwa mwingine. Wale wawili waliotoa arbuni wamekubali kuhamishiwa upande wa barabara, na mwana mdogo hajanisalimia.

Kwenye ramani siwezi kuandika "reli", kwa sababu mbele ya sheria hakuna reli. Nimekipa namba kama kipande kingine chochote, chembamba, mita 15 kwa 400, ekari moja na nusu. Ruaraka wataniuliza ni cha nini.

Mama alikuja mwenyewe kushika fimbo ya kupimia upande wa mashariki, hakutaka mtoto ashike. Kigingi cha mwisho tumekipigilia saa kumi na moja jioni. Upande wa pili wa waya, jirani wa kusini alikuwa akimwaga zege la ukuta, na ukuta wake unakatiza mstari wangu. Nimechukua namba yake ya simu kutoka kwa fundi. Nitampigia Jumatatu kabla zege halijakauka lote.