Mvua kwa Mabati

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilianza kufa ganzi mwezi wa nne, kikafuatwa na jirani yake, cha pete. Nilidhani nimeulalia mkono. Wiki tatu baadaye nilikuwa bado "nimeulalia".

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu ambao hawatawahi kuniona. Rekodi za mikutano na mahojiano zinakuja kwa intaneti, nasikiliza, nachapa, nalipwa kwa dakika. Vidole ndivyo kodi ya nyumba. Kwa hivyo nilipoanza kukosea herufi za upande wa kushoto, sikumwambia mtu. Mathe alinisikia kwa simu tu akajua. Akasema nipake mafuta ya kuchua na niache kulala saa tisa.

Nikaanza kutazama video. Si unazijua: mtu amelala kifudifudi, mtaalamu anamshika shingo, anazungusha, paa! Mgonjwa anacheka huku analia. Nilizitazama usiku kucha. Niliutaka ule mlio kuliko nilivyotaka kupona.

Ndiyo nikaenda kwa mtu wa kiropraktiki. Fani hii ilianzia Marekani mwaka 1895, mjini Davenport, Iowa. D.D. Palmer alisukuma mgongo wa Harvey Lillard, mfagiaji aliyekuwa hasikii vizuri, kisha akadai usikivu umerudi. Neva ya kusikia inatoka sikioni hadi kwenye ubongo bila kupita mgongoni hata kidogo, lakini hayo niliyasoma baadaye, wakati pesa zishaenda. Na ule mlio wenyewe si mfupa kurudi mahali pake. Ni gesi iliyo kwenye majimaji ya kiungo.

Lakini nitasema ukweli: nilitoka pale nikijiskia mwepesi. Siku mbili hivi. Nikarudi.

Mara ya tatu hakunilaza. Alichukua risiti ya supamaketi mezani, akaniambia niibane kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu akaivuta. Mkono wa kulia ulikataa kuiachilia. Wa kushoto, gumba lilijikunja lenyewe likitafuta nguvu, na risiti ikachomoka kama imepakwa sabuni. Akageuza mkono wangu kwenye mwanga. Ile nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ilikuwa imebonyea. Sikuwa nimeiona, na huo mkono nakaa nao kila siku.

"Shingo yako leo siigusi," akasema. "Enda upimwe neva kwa umeme."

"Mara moja tu, daktari."

"Nikikufanyia utajiskia poa, utarudi wiki ijayo, na huu msuli utakuwa unaisha tu."

Nilikasirika sana. Bei ya kipimo ilikaribia kodi ya mwezi.

Daktari wa kipimo alikuwa mama mtaratibu. Alinibandika waya mkononi, akanipiga shoti ndogo ndogo: kwanza karibu na kifundo, kisha chini ya kiwiko, kisha juu yake. Kila shoti iliruka kidole chenyewe bila ruhusa yangu. Anapima umbali na muda, anapata kasi. Neva ya mkono yenye afya hupeleka ujumbe mita 50 kwa sekunde au zaidi. Yangu, chini ya kiwiko, ilikuwa 56. Ikipita kiwikoni, 34. Matatu imeteleza vizuri kutoka Roysambu, halafu Pangani saa moja asubuhi.

Kisha sindano. Hii haipigi umeme, inasikiliza, na sauti inatoka kwa spika. Akadunga misuli ya nyuma ya shingo. Kimya. "Vizuri," akasema, "msuli ukipumzika haufai kusema kitu." Akadunga pale palipobonyea.

Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta.

"Unasikia nini?"

"Mvua kwa mabati."

Akacheka. "Hata vitabuni wanaiita hivyo." Nyuzi za msuli zikikosa neva yake, huanza kutetemeka zenyewe. Nimelelewa chini ya mabati, na hiyo sauti kwangu ilikuwa ya kulala usingizi. Nililia pale kitandani, na si kwa sababu ya sindano. Miezi mitano nilikuwa nimejiambia ni uvivu.

Shingo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuegemeza kiwiko mezani saa nane kwa siku, shavu kwenye kiganja, nikisikiliza watu. Neva inapita pale nyuma ya mfupa bila nyama ya kuikinga. Ndiyo ile inayokupiga shoti ukijigonga.

Sasa nalala na taulo imefungwa kwenye kiwiko kisijikunje. Hali isipobadilika kwa miezi mitatu, ni upasuaji. Uzi wa neva uliokatika hukua kama milimita moja kwa siku. Nilipima kwa futi ya fundi wa nguo wa hapa chini: kiwiko hadi pale palipobonyea, sentimita 31. Fundi akauliza nashona nini.

Risiti iko kando ya kitanda. Naivuta kila asubuhi kabla ya chai. Leo imechomoka tena, ila nimelazimika kuivuta mara mbili.