TUNDU MOJA, SAUTI MBILI



Neno la leo: Mwanzo 26:17-22. Lisome polepole kabla hujalala.

Nataka tutafakari kupitia chombo kidogo sana cha muziki: harmonika, kile kinanda cha mdomo kinachoingia mfukoni. Ile ya kawaida ina matundu 10, na kila tundu lina vilimi viwili vyembamba vya shaba. Ukipuliza, kimoja kinalia. Ukivuta pumzi ndani, cha pili kinalia. Mpiga tarumbeta akivuta pumzi, tarumbeta hunyamaza. Mpiga harmonika akivuta, wimbo unaendelea.

Najua kuna atakayeuliza, "Mchungaji, na hii bendi ya roki unayotaka kutuambia inatoka wapi?" Mpendwa, Yesu alifundisha kwa chachu, kwa nyavu, hata kwa msimamizi mjanja. Nivumilie kidogo.

Lee Oskar alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1948. Mama yake alikuwa Myahudi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi chini ya utawala wa Hitler. Oskar alipata harmonika akiwa mtoto wa miaka sita, na alipofika miaka 18 akaenda Marekani akiwa nayo mfukoni. Mwaka 1969, huko Los Angeles, yeye na mwimbaji Mwingereza Eric Burdon waliungana na wanamuziki Wamarekani weusi, ikazaliwa bendi iitwayo War, yaani Vita. Burdon aliondoka mwaka 1971. Wenzake wakasonga mbele.

Albamu yao ya mwaka 1972, The World Is a Ghetto, iliongoza mauzo ya mwaka 1973 Marekani kwa hesabu ya jarida la Billboard. Mwaka 1975 ukatoka wimbo Low Rider, ambamo harmonika ya Oskar na saksafoni ya Charles Miller zinakwenda pamoja utadhani ni chombo kimoja. Katika bendi nyingi za roki harmonika ni mgeni wa wimbo mmoja. Ndani ya War ilikuwa mwenyeji.

Kisha miaka ya kupoteza ikaja. Miller aliuawa mwaka 1980. Mpiga ngoma wao, Papa Dee Allen, alianguka jukwaani mwaka 1988 akafariki. Na katika miaka ya 1990, waanzilishi wanne, Oskar, Howard Scott, Harold Brown na B.B. Dickerson, walijikuta hawaruhusiwi kutumia jina War. Haki ya jina ilikuwa ya kampuni ya mtayarishaji wao. Nyimbo walizipiga wao, jasho ni lao, lakini jina kwenye bango si lao tena. Wakaendelea kupiga kwa jina lingine: Lowrider Band.

Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini nikanyamaza.

Kuna kanisa nilihudumu miaka kumi na moja. Tulianza chini ya hema la kukodi, tukanunua viti vya plastiki kumi kumi, tukachimba choo kwa mikono yetu. Uongozi ulipogawanyika, ikaonekana cheti cha usajili kina majina mengine. Jina, kiwanja, spika, vyote vilibaki. Mimi na mke wangu tulitoka na Biblia zetu na watoto. Kwa miezi minane nilikaa kiti cha nyuma katika kanisa la mtumishi mwingine, nisipewe hata matangazo ya kusoma. Watu walinihurumia wakisema, "Mchungaji amenyamaza." Lakini sijawahi kuomba kama nilivyoomba miezi ile. Mengi ninayowahubiria leo niliyapokea nikiwa kiti cha nyuma.

Sasa tazama Isaka. Watumishi wake walichimba kisima wakapata maji, wachungaji wa Gerari wakadai ni yao. Akakiita Eseki, akahama. Wakachimba cha pili, kikagombaniwa pia. Akakiita Sitna, akahama tena. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi. Angalia jambo moja: wapinzani walichukua visima, lakini hawakuchukua ujuzi wa kuchimba. Huo Isaka aliondoka nao.

Mtu anayeteseka hapa leo si lazima awe mchungaji. Labda ni biashara uliyoijenga na ndugu yako, na leseni ina jina lake. Labda ni kwaya uliyoitungia nyimbo, na akaunti iko mikononi mwa mtu asiyepokea simu zako. Sikuambii haliumi. Wala sikuahidi kwamba utarudishiwa. Isaka hakurudishiwa Eseki.

Ninachokuambia ni hiki. Wapigaji wa bluzi hutegemea sana pumzi ya kuvuta kuliko ya kupuliza. Ni katika kuvuta ndipo wanapoipinda sauti mpaka inalia kama mtu. Msimu wako wa kupuliza watu walikusikia. Huu ni msimu wa kuvuta, na Aliyekuumba aliweka kilimi hapo pia. Usikae kimya ukingoja msimu urudi. Omba sasa. Imba sasa, hata kama ni jikoni.

Na uwachimbie wengine. Mwaka 1983, kabla hajalipoteza lile jina, Oskar alianzisha kampuni ya harmonika, zinazotengenezwa na kiwanda cha Tombo cha Japani. Bamba la vilimi likichoka, unaweza kulibadilisha peke yake bila kutupa chombo chote. Mungu wetu naye hatupi chombo kwa sababu kilimi kimechoka.

Omba nami: Bwana, pumzi hii ni yako, wewe ndiwe uliyeipuliza puani mwa Adamu. Walichochukua umekiona. Nitoe uchungu, unipe nguvu ya kuchimba tena, na unifikishe Rehobothi yangu. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, kisha umtumie mmoja aliyekaa kiti cha nyuma.