Misali na Joto Lisilojua Mpaka

Magharibi ya Chake Chake, ndani ya mkondo wa Pemba, kimelala kisiwa kidogo ambacho wazee hawakitaji pasi na kukisimulia kisa chake. Yasemwa kuwa Nabii Khidhr alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Walipomjibu kuwa hawana, akawaambia kuwa kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Basi kikaitwa Misali. Mwenye kusali hauchafui msala wake, na wengi wa wavuvi wanaopiga dago hapo waliishika adabu hiyo; ingawa si wote, wala si siku zote, kwani baruti na utupa navyo vilifika.

Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa hifadhi. Sehemu ya mwamba ikafungwa kabisa, sehemu nyingine ikaachwa kwa uvuvi wenye masharti. Na mwaka huohuo bahari ikashikwa na homa. Joto lililoambatana na El Niño lilienea katika Bahari ya Hindi, matumbawe yakapauka hata yakawa meupe kama mifupa, na mengi yakafa, ya Misali yakiwemo. Hapakuwa na mvuvi aliyevunja sheria siku hiyo. Joto lilipita juu ya mpaka kama kwamba haukuchorwa.

Mtu aweza kumwazia mvuvi mzee, ameketi kando ya ngalawa yake, akiulizwa na mjukuu wake: "Babu, si waliambiwa watu wakiacha kuvua, mwamba utapona?" Naye mzee akajibu: "Waliambiwa, mjukuu wangu. Lakini dawa hutanguliwa na kuujua ugonjwa."

Kuujua ugonjwa ndiyo kazi ya tathmini ya hatari ya mifumo ya ikolojia, ambayo vigezo vyake vilikubaliwa na umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, IUCN, mwaka 2014. Vigezo hivyo ni maswali matano. Je, eneo la mfumo huu linapungua? Je, ni finyu kiasi cha pigo moja kuweza kulimaliza? Je, maji, joto au udongo unaoutegemea umeharibika? Je, viumbe vyake vimeacha kutendeana kazi yao ya asili? Na hesabu yasemaje juu ya uwezekano wa mfumo mzima kuporomoka? Jibu lililo zito kuliko yote ndilo linaloamua daraja la hatari. Mgonjwa mwenye macho mazima na moyo mbovu haandikwi mzima.

Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa aina hiyo juu ya miamba ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ulioongozwa na mwanasayansi David Obura kutoka Mombasa. Bahari iligawanywa katika sehemu 11, na hakuna hata moja iliyotoka salama. Komoro, visiwa vya Mascarene, na mashariki na kusini ya Madagaska viliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari, na shtaka kubwa likiwa joto linalopanda. Mwambao wa Afrika Mashariki uliwekwa katika daraja la chini ya hayo, nalo bado ni la hatari. Na huku mshtakiwa mkuu ni uvuvi uliopita kiasi. Samaki wakitolewa kuliko wanavyozaliana, mizani ya mwamba huvurugika, na mwani hufunika pale ambapo tumbawe changa lingeshika.

Hapo ndipo thamani ya tathmini inapoonekana. Mpaka wa hifadhi hauzuii joto, lakini huzuia juya na baruti. Mwamba wenye samaki wake, uliopauka, una nafasi ya kuota tena. Mwamba uliokwisha kukombwa hupigwa na maradhi mawili kwa pamoja. Joto lilirudi mwaka 2016, likarudi tena 2024, na halitoi ahadi ya kukawia.

Tathmini huonesha pia pa kuweka nguvu kwanza. Utafiti wa Tim McClanahan wa mwaka 2020 ulieleza kuwa baina ya kusini ya Kenya na kaskazini ya Tanzania kuna maji ya kina, yenye ubaridi, yanayoyapa matumbawe hifadhi dhidi ya joto. Bahari hiyo ina serikali mbili, lakini mkondo wake hauulizwi pasi ya kusafiria. Kuilinda upande mmoja na kuiacha upande wa pili ni kuziba tundu moja la dau lenye matundu mawili.

Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuwa ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na bahari iwe chini ya ulinzi. Ni ahadi njema, lakini asilimia huweza kujazwa kwa maji yasiyo na shida wala faida, ramani ikapendeza na mwamba ukafa. Na gharama ya kukosea hailipwi na mchora ramani. Hulipwa na yule mzee anayeambiwa aliache dago la baba yake. Mtu huyo anastahili kuelezwa ni ugonjwa gani unaotibiwa kwa subira yake, na anastahili kuulizwa, kwani aliuona mwamba kabla ya wapimaji.

Tathmini haitaiponya Misali. Msala humwonesha mtu pa kusimama na pa kuelekea, haumsalii.