Mwana wa Nani Aulizaye?

Mwaka 1964, mwaka ule ule mbegu ya mahindi ya 611 ilipotolewa kwa wakulima, nilikuwa mtoto wa miaka 10, na kazi yangu katika siku za likizo ilikuwa kumpelekea baba chakula cha mchana katika mashamba ya majaribio ya Kitale, ambako alikuwa kibarua wa kuvisha mahindi mifuko ya karatasi. Nilidhani mifuko ile ni kofia za kuyakinga mahindi na jua, wala hapakuwa na mtu wa kuniondolea ujinga huo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ilikuwa pazia la ndoa: chavua ya mmea mmoja isiufikie mwingine bila ya idhini, maana 611 ilizaliwa kwa kuozesha mahindi yaliyokwisha kuzoea ubaridi wa Kitale na mahindi ya ugenini yaliyotoka Ecuador. Baba aliivisha mifuko ile misimu mingi, kwa uangalifu wa mtu amvishaye mtoto nguo, akafariki pasipo kuambiwa sababu yake; naye, kwa adabu au kwa uchovu, hakuuliza. Hivyo ndivyo nilivyoujua utafiti kwanza, kuwa ni shughuli ifanywayo kwa mikono yetu na kuandikwa katika daftari za watu wengine.

Mara ya pili nilikutana nao hali nimemaliza kidato cha sita, nikiajiriwa kuwa mkalimani wa mwanafunzi wa ng'ambo aliyekuja kutafuta shahada ya uzamifu kwa habari za Dini ya Msambwa. Tulipanda basi kutoka Kitale, tukapita Kiminini na Kamukuywa hadi Kimilili, mgeni wangu na kinasa sauti chake kikubwa kama sanduku la bibi harusi. Elijah Masinde, mwanzilishi wa dini hiyo, alikuwa hai bado, nayo ilikuwa imepigwa marufuku tena tangu 1968, kwa hiyo nilikuwa na yakini kwamba wazee watafumba vinywa. Kinyume chake walisema, wakasema hata taa ikaisha mafuta, habari za Malakisi mwaka 1948 na risasi zilizomiminwa huko, habari ambazo mimi, mtoto wa nyumbani, sikuwa nimezisikia hata kwa mnong'ono. Nilipomwuliza mmoja wao kwa siri kilichomfungua ulimi, alinijibu kwamba mgeni ataondoka na maneno yake, lakini mtu wa hapa atabaki nayo, na kesho yatageuka kuwa kesi. Mgeni aliahidi kuwaletea kitabu. Wazee wale walikingoja kwa subira njema, mmoja baada ya mwingine, hata makaburini.

Sisemi kwamba watu wa kwetu hawakujiandikia. Gideon Were, Mluyia mwenyewe, alikwisha kuchapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967, akiwa ameikusanya kutoka midomoni mwa wazee, na Makila akafuata na historia ya Babukusu mwaka 1978. Lakini hao walikuwa wachache, ilhali chuo kikuu chenyewe kilikuwa safari: Makerere ng'ambo ya mpaka, ama Dar es Salaam, ama Nairobi, ambayo ilisimama peke yake mwaka 1970. Kijana aliyekwenda huko aghalabu alirudi na tai, hakurudi na swali.

Kisha vyuo vikaanza kutusogelea, polepole kama mvua itokayo upande wa Mlima Elgon. Mwaka 1972 ilianza harambee ya chuo cha Kakamega, ambacho baadaye kilichukua jina la Masinde Muliro, mwanasiasa wa Trans Nzoia. Mwaka 1984 kilizaliwa Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2002 kile cha Kakamega kikawa mtoto wa Moi, na kilipokwisha kupata utu uzima mwaka 2007 nacho kikazaa, kwani mwezi wa Agosti 2011 chuo cha ualimu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma katika barabara ya Chwele, kilifanywa tawi lake. Tarehe 14 Novemba 2015 Kibabii ikapewa hati yake yenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa kuwa mstaafu hana pa kukimbilia, vijana wa vyuo mbalimbali walianza kuniletea tasnifu zao niwasahihishie lugha.

Sitaki kuificha aibu iliyomo. Nimeletewa miradi ya shahada ya kwanza ambayo niliitambua kuwa niliisahihisha mwaka uliotangulia, chini ya jina jingine. Nimeona pia hojaji zenye sentensi 20, kila moja ikimtaka mkulima aseme kama anakubali sana, anakubali, hana hakika, au anakataa. Naye mkulima, ambaye ameandaa chai na anaona ni utovu wa adabu kumkatalia mgeni nyumbani mwake, anakubali sana tangu ya kwanza hadi ya 20. Jedwali likitoka hapo linapendeza mno.

Lakini alikuja binti mmoja wa uzamili, mzaliwa wa huku huku Bungoma, aliyetaka kuandika juu ya lugha ya kumuse, yaani hotuba anayoitoa msemaji maalumu baada ya mazishi ya mzee aliyeheshimika, akitembea kwenda na kurudi mbele ya watu, fimbo mkononi, akizisimulia koo na safari zao tangu Misri, na kuwaonya walio hai. Nilimsindikiza kwa msemaji mmoja ng'ambo ya Chwele. Mzee hakutazama barua ya chuo wala ya chifu. Aliuliza, "Wewe mwana wa nani?" Binti akajitaja, ukoo wa baba na ukoo wa mama. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mgeni ningemwimbia hapa hapa, akaenda zake. Wewe nikikuimbia pasipo maiti, nitakuwa nimeita kifo nyumbani kwenu. Ngoja."

Ikambidi angoje. Kalenda ya chuo haikuwa na nafasi ya kungojea wazee wafe, na msimamizi wake, mtu mwema lakini mwenye kuhesabu mihula, alimshauri abadili mada. Hakubadili. Mihula miwili ilipita; alikuwa akija kwangu na kitabu cha nadharia na uso wa mtu anayeona haya kwa kuyatamani mauti ya wengine. Hatimaye alikufa mzee wa makamo ya miaka 90, na binti akaketi pamoja na wanawake, simu yake ikinasa sauti ndani ya kanga, kwa ruhusa ya wafiwa na ya msemaji mwenyewe.

Alipokwisha kuitetea tasnifu, tulirudi Chwele na nakala yenye jalada gumu. Mzee aliipima uzito mkononi, akamwita mjukuu wake wa darasa la saba amsomee maneno yake mwenyewe. Mtoto alisoma kwa kukwama. Mzee alisikiliza, macho kayafumba. Katika ukurasa wa orodha ya koo akainua fimbo: ukoo mmoja ulikuwa umewekwa chini ya mto usio wake. Binti akatoa penseli, akafuta, akaandika pembeni.

"Nyingine ziko wapi?" mzee akauliza.

"Moja iko maktaba ya chuo, kuka."

"Basi kesho uende na penseli hiyo."

Alikwenda, na alinieleza kwamba mtunza maktaba alikataa katakata kitabu chake kichorwe. Mara ya mwisho niliposikia, walikuwa bado wanajadiliana.