Kazi ya Kuutengeneza Mswada

Watu wengi wakishika kitabu hudhani kwamba maneno yake yalitoka kichwani mwa mtungaji yakaenda moja kwa moja katika chapa. Sivyo. Katikati yupo mtu ambaye mara nyingi jina lake halionekani, naye ndiye mhariri. Huyu huusoma mswada kabla ya wote, huyanyosha yaliyopinda, huuliza yasiyoeleweka, na humchunga mtungaji asije akatahayari mbele za watu. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi hii, maana twajua wengi wana madaftari ndani ya masanduku yao, nao hawajui la kuyafanyia.

Katika kisiwa chetu cha Unguja kazi hii si ngeni. Askofu Edward Steere, aliyefika hapa mwaka 1864, aliwasikiliza wenyeji wakisimulia hadithi zao, akaziandika kama zilivyosemwa, na mwaka 1870 zikatoka kitabu huko London. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja. Hata mwaka 1928 wakakutana watu Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Miswada ya vitabu vya shule ilipelekwa kwa Kamati hiyo isomwe, isahihishwe, ipate idhini. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa mtoto wa Kisumu na mtoto wa Mangapwani waliweza kusoma kitabu kimoja. Walakini mwanzoni wenyeji hawakuwamo katika Kamati, nasi twaona ni ajabu kidogo kwamba lugha ya mtu isahihishwe naye yuko nje ya mlango.

Hayo ni ya zamani, lakini jambo lenyewe halijesha. Jirani yetu mmoja hapa Mangapwani, mzee mvuvi, alituletea madaftari matatu aliyoandika habari za maisha yake na za kijiji. Macho yake yamepungua nguvu, naye alitamani kitabu kitoke angali anaweza kuziona herufi za jalada. Hatukushika kalamu siku ile. Kwanza tuliyasoma yote tangu mwanzo hata mwisho, kisha tukamsomea yeye mwenyewe kwa sauti, jioni baada ya jioni, maana sikio hukamata kosa ambalo jicho hulipita. Mara nyingi alitukatiza mwenyewe, akasema, “Hapo nimekwisha pasema, Mwalimu. Futa.”

Baada ya hayo tukaanza kuuliza. Mzee aliandika kwamba soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1897. Tukamwonyesha kwamba soko lilifungwa mwaka 1873, kwa mapatano aliyotia sahihi Sultani Barghash tarehe 5 Juni. Mwaka 1897 ndipo ilipotolewa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo la tarakimu. Kile chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe hapa kwetu, wasemavyo watu, kilikuwa cha kuwaficha watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku. Ikiwa soko lilikuwa wazi hata 1897, ya nini kuwaficha watu chini ya ardhi? Mwaka mmoja ukikosewa, habari yote hupoteza maana. Tena alikuwa amekiita chumba hicho “pango”, na lile pango la asili lenye maji baridi nalo “pango”. Mgeni angefikiri ni mahali pamoja. Mzee akacheka, akatenganisha majina.

Ndipo tukaunakili mswada kwa usafi, nafasi pana kati ya mistari, kurasa zimetiwa nambari, kila neno kwa tahajia moja toka mwanzo hata mwisho. Madaftari ya asili tukayafunga kwa kitambaa tukamrudishia, kwa kuwa nakala ya kwanza haifai kutupwa hata kidogo. Mswada ukapelekwa kwa wapiga chapa fulani wa bara, ambao hatutawataja.

Uliporudi, tulishangaa. Mzee aliandika kwamba siku za maji mafu hawakwenda mbali. Nao wameandika “maji machafu”. Aliandika “kusi likivuma”. Nao wameweka “kusini kukivuma”. Skuli imekuwa shule, tungule zimekuwa nyanya, mbatata zimekuwa viazi. Tulipomsomea alinyamaza, kisha akauliza, “Machafu ya nani? Bahari yetu ina uchafu gani?” Kila mvuvi ajua kwamba maji mafu ni zile siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, kinyume cha bamvua, na kusi ni upepo, si upande wa dunia.

Wako waliotushauri tukubali tu, kitabu kitoke upesi, kwa ajili ya yale macho. Shauri hilo lilituuma, lakini Mzee alikataa. Basi tukaandika barua ndefu, jambo kwa jambo. Walipokuwa na haki tulikubali: walikata habari ya dhoruba iliyosimuliwa mara mbili, nasi tukashukuru. Palipokuwa na kosa tulieleza neno na maana yake, bila maneno makali, kwa sababu mhariri anayekaa mbali na pwani hana njia ya kuyajua maji mafu asipoambiwa. Yule wa kwao alijibu kwa adabu, akauliza maswali mengine kumi na moja, mengi yao mazuri.

Nakala ya pili ya kusahihishwa imekwisha fika. Maji mafu yamerudi mahali pake na kusi lavuma tena. Skuli imebaki pale wanaposema watu wa kijiji, ikawa shule katika utangulizi. Tungule nazo zimebaki tungule, na chini ya ukurasa pameandikwa kwa herufi ndogo, “nyanya”, kwa ajili ya ndugu zetu wa bara.