Tarakimu na Herufi za Darubini

Mwaka jana, kaskazi ilipokuwa ikimalizika, nilinunua darubini mjini Kismayo kwa ajili ya nyumba yetu ya Kudha. Mwenye duka alinitolea mbili: moja imeandikwa 7x50 IF, ya pili 20x50 CF. Mimi, mwalimu kwa mafunzo, nikaona ishirini ni zaidi ya saba. Nikaijaribu mlangoni, adhuhuri. Bandari yote ikanijia karibu. Fedha za matumizi ya mwezi zikaishia hapo.

Haukupita muda, mashua ya mjomba wangu ikachelewa. Magharibi ilipoingia, mkewe alikuwa amesimama ufuoni na watoto. Nikaelekeza darubini baharini, lakini sikuona ila alama nyeupe yenye kurukaruka, imefifia, nisijue kama yaja au imekwama. Mzee jirani yetu, nahodha wa zamani, akaleta yake kongwe, 7x50. Kwa hiyo tukaona: foromali imevunjika, tanga limelala majini, na watu wawili wanafua maji. Vijana wakatoka na mashua nyingine, na kabla ya isha wote walikuwa nchi kavu.

Siku ya pili mzee alinifundisha, ndugu wasomaji, nami naona haya kidogo kusema kwamba ilikuwa hesabu ya kugawanya tu. Tarakimu ya kwanza ni mara ngapi kitu hukuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 50 kwa 7, wapata 7 na kidogo: huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Gawanya kwa 20, wapata 2.5. Mchana mboni ni ndogo, hiyo yatosha. Gizani mboni ya kijana hufunguka hata milimita 7, na 2.5 humwacha na kiu ya mwanga. Tena mtetemo wa mkono nao hukuzwa mara ishirini. Askari wa doria ya alfajiri na alizingatie hilo.

CF ni gurudumu moja la kati kurekebisha macho yote mawili; IF, kila jicho kwa lake. WA ni uwanja mpana wa kuonea. BaK-4 ni aina ya kioo cha prizimu za ndani. Katika darubini za Zeiss za Ujerumani, B humaanisha yafaa mvaaji miwani. Zile za Kisovieti zenye БПЦ ni za prizimu, zenye gurudumu la kati.

Ile ya ishirini sasa nimeifunga kwenye gogo dirishani, haitikisiki. Watoto huitazamia mwezi.