Nyuzi 124 Kwenye Mlima wa Mahenge

Tulipovuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, geji ilisoma nyuzi 84. Nilikuwa namrudisha shangazi kwake Mahenge baada ya matibabu ya macho Morogoro, na kila nilipoitazama ile geji ndogo niliyofungiwa kando ya usukani aliuliza, "Inasemaje?" Nikamweleza kwamba inapima joto la oili ya giaboksi, ile ambayo mafundi huiita haidroliki.

Gari langu ni Impreza yenye tabo, otomatiki ya gia nne. Wengi wa rika langu tuliipenda Impreza tangu Colin McRae aliposhinda nayo Safari Rally ya Kenya mwaka 1997. Lile gari la mashindano halikuwa na giaboksi kama yangu. Kwenye otomatiki, injini haishikani moja kwa moja na gia. Katikati kuna toki konveta, chombo chenye mapanga mawili yanayotazamana ndani ya oili: moja linazungushwa na injini, nalo linairusha oili ilisukume la pili, ambalo hupeleka nguvu kwenye gia. La pili likichelewa nyuma ya la kwanza, nguvu inayopotea hapo inageuka joto. Ukiwa na injini kali na mlima mbele yako, joto hilo ni jingi.

Kutoka Kidatu tulipita mashamba ya miwa, kisha Mang'ula, Milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kulia, imejaa msitu hadi juu. Ulikuwa msimu wa mavuno. Kadiri tulivyokaribia Ifakara, mpunga ulianikwa kwenye maturubai kila palipo na uwanja, na karibu na mashine za kukoboa upepo ulirusha makapi barabarani. Geji ikafika 93.

Ifakara nilimtafuta fundi aipime oili kabla ya kupanda. Aliliacha gari likinguruma, gia kwenye P, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Tone moja aliliangushia kwenye karatasi nyeupe. Likasambaa taratibu, jekundu, halina chembe nyeusi. Akalinusa.

"Hii nzima, kaka. Ikiungua inakuwa kahawia na inanuka moto. Ila njoo uone huku."

Akamulika tochi mbele ya rejeta. Makapi ya mpunga na mbegu za majani zilikuwa zimejibana kwenye matundu kama mkeka. Bomba la oili ya giaboksi hupita ndani ya rejeta hiyohiyo ili ipozwe, kwa hiyo rejeta isiyopumua inazichemsha zote mbili, injini na giaboksi. Aliisafisha kwa maji yasiyo na kishindo, akianzia upande wa injini kuja mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Tulipoagana aliniambia, "Mlimani usiiache kwenye D. Weka mbili."

Tukavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384. Shangazi alikumbuka enzi za kivuko, magari yamepanga foleni kwenye jua yakisubiri zamu. Nikawaza kwamba foleni ile, kwa karaha yake yote, iliyapa magari muda wa kupoa kabla ya mlima. Siku hizi unapita bila kusimama. Bonde liko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na Mahenge ni karibu mita 1,000.

Baada ya Lupiro jua lilikuwa linashuka, nami nikawa na haraka. Mlima ulipoanza tulikuta lori limebeba magunia, linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilijisogeza nyuma yake nikitafuta upenyo, gia ikiwa bado kwenye D. Gari likawa linabadilisha gia lenyewe, ya pili, ya tatu, ya pili tena. Upepo wa kupoza rejeta haukuwapo, vumbi la lori lilikuwapo. 104. 112. 119.

"Mwanangu, mbona umenyamaza?"

Ilisoma 124. Taa ya onyo kwenye dashibodi ilikuwa haijawaka, na hilo ndilo ninalotaka wenye magari kama langu walielewe: taa ile huwaka joto likiwa limeshapita kiasi. Mafundi wana kanuni kwamba kila nyuzi kama 10 zinazozidi kiwango cha kawaida hupunguza umri wa oili kwa nusu. Ikizidi sana, sili hukauka na sahani za klachi za ndani huungua.

Nikaegesha pembeni, nikaweka P, nikazima kiyoyozi, nikafungua boneti. Injini sikuizima, maana pampu ya oili huzungushwa na injini. Ukizima, oili ya moto inabaki imesimama palepale penye joto.

"Basi tungoje," alisema shangazi. "Mlima hauhami."

Dakika 20 baadaye ilisoma 96. Tukaondoka kwenye gia ya pili, lori likiwa limeshatangulia mbali. Injini ilipiga kelele zaidi na gari likaenda taratibu zaidi, lakini gia haikuhangaika tena. Geji haikuvuka 103 mpaka taa za Mahenge zilipoonekana.

Asubuhi nililiwasha gari, nikaliacha lipate moto, nikapima tena kama yule fundi. Tone la Mahenge nililiangushia pembeni ya lile la Ifakara, kwenye karatasi ileile. Lilikuwa jekundu bado, ila limefifia kuelekea kahawia. Shangazi alilitazama kwa macho yake mapya, akaona tofauti kabla sijamwonyesha. Ile karatasi ninayo hadi leo kwenye droo ya gari, na kila nikitaka kulipita lori mlimani najua ipo.